Ugonjwa Ulioingia na Omugole

Kamachumu, 22 Juni 2024

Datius wangu, mume wangu,

Nimeandika "mume wangu" halafu nikaweka kalamu chini ili niyatazame maneno hayo. Bado sijayazoea, na sitaki kuyazoea. Juzi dada yako Joanitha alinikuta natabasamu peke yangu nyuma ya pazia. Akaniambia, "Wifi, ukiendelea hivi tutamwita padri." Nikamjibu aolewe kwanza ndipo aje tuzungumze.

Hapa mimi ni malkia asiye na mlango. Sigusi jembe, siendi kisimani, sionani na mgeni. Mama yako ananiletea maziwa asubuhi, mchana ndizi na maharage, na jana alinitolea senene aliokuwa amewaficha tangu Novemba. Ngozi yangu imekuwa laini kama ya mtoto, na inanisikitisha kwamba haupo kuiona. Simu yangu ameifunga kwenye khanga na kuitia sandukuni, kwa sababu omugole, bibi arusi aliyewekwa ndani, hasemi na mtu aliye nje ya nyumba. Nikamuuliza, "Na barua, Mama?" Akafikiri. "Barua haina sauti," akasema. "Andika." Ndiyo maana Faruku mchuuzi akishaleta dagaa gulioni anarudi Bukoba na moyo wangu ndani ya bahasha. Nisamehe harufu.

Mchana kutwa nakukumbuka. Unaukumbuka ule mdahalo wa kidato cha nne, ulipokuja na wenzako shuleni kwetu? Ulisema shule yenu ilianza kufaulu mwaka ilipobadili sare, kwa hiyo sare nzuri huleta ufaulu. Nikasimama nikakuita jogoo: anawika, kunakucha, naye anadhani ndiye aliyeleta asubuhi. Ukumbi wote ulicheka mpaka Mwalimu Penina akagonga meza. Wewe hukukasirika, ulinitazama tu. Niliyapenda macho hayo kabla sijajua jina lako.

Habari nyingine ni chache. Mvua imekatika. Mama hali vizuri siku hizi. Ishento Rwekaza, baba yako mdogo, amekuja kutoka Rubafu mara mbili wiki hii, na akija wanazungumza jikoni kwa sauti ya chini. Labda ni mambo ya kahawa.

Wako, hata usingizini,
Joviana


Bukoba, 26 Juni 2024

Joviana,

Barua yako ilinuka dagaa kweli, nami nimeilalia chini ya mto hata hivyo. Mwenzangu wa chumba ameuliza kama nimeoa mvuvi.

Kiwandani kahawa imeanza kuingia kwa wingi na mashine ya kukoboa haizimwi. Nikiomba ruhusa msimamizi ananiuliza, "Umeoa tena?" Nikifumba macho nasikia mashine, nikiyafumbua nasikia mashine, na katikati upo wewe.

Ishento alinipigia simu. Ni mambo ya kibanja tu, usijali. Akikuuliza lolote mjibu kwa upole, unajua ndiye aliyekaa mahali pa Tata, baba yetu, tangu afariki.

Ila niambie, kuna kitu hukuniandikia? Mama kutokula si habari ya mstari mmoja.

Mume wako,
Datius


Kamachumu, 30 Juni 2024

Datius mpenzi,

Sitakuficha tena, nawe usinifiche. "Mambo ya kibanja tu." Ulijua, nami nilikuwa nimeanza kujua, tukaandikiana habari za senene na mashine.

Migomba ya kibanjani inakufa. Ni mnyauko. Sijaiona mwenyewe kwa kuwa sitoki, ila Joanitha ananieleza. Majani yanalegea na kuwa manjano, mikungu inaiva kabla haijakomaa, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Ulianzia upande wa chini, kwenye njia ya kanisani.

Jana Ishento alikuja tena, na safari hii hawakushusha sauti vya kutosha.

"Mnyauko tunaujua," alisema. "Umekaa kwa majirani miaka yote, ukakizunguka kibanja cha kaka yangu kama maji yanavyozunguka jiwe. Ulikuwa unamngoja nani?"

"Ugonjwa ni ugonjwa, Rwekaza," Mama akasema.

"Mtoto huyu ameingia Mei. Juni migomba inaugua. Nionyeshe kingine kilichoingia humu."

"Ni mtoto mwenye adabu."

"Sijasema hana adabu. Nasema ana mkosi. Na si mimi peke yangu, Kamachumu nzima inasema, mpaka mke wa katekista. Wote hao ni wajinga?"

Nilingoja Mama ajibu. Nikasikia anasukuma kuni mekoni.

Jumapili ya tarehe 14 Julai, baada ya misa, ukoo utakaa hapa. Ishento anataka nirudishwe kwa wazazi wangu Kahororo "nikapumzike" mpaka kibanja kipone. Datius, unajua maana yake. Omugole anayerudishwa kwao kabla hajatolewa nje na kukabidhiwa jembe, nani amewahi kumwona akirudi? Padri atasema ndoa ipo, na kweli itakuwepo, kwenye kitabu cha parokia. Mimi nitakuwa kwa mama yangu nauza maandazi, na wapita njia watanionyesha kwa kidevu.

Na hoja yenyewe ni ile yako ya sare. Nimekuja, kisha migomba imeugua, basi mimi ndiye niliyeiuguza. Jogoo mtupu. Akiona haitoshi anaongeza "wengi wape," kana kwamba wengi wakisema jiwe linaelea, litaelea. Mwalimu Penina asingempa hata alama moja.

Tena usisahau Ishento alitaka umwoe yule binti wa rafiki yake wa Rubafu. Joanitha ameniambia yote. Mtu mwenye kinyongo kama hicho hawezi kusema kweli kuhusu mimi wala kuhusu mgomba. Ugonjwa huu hauhusiani hata kidogo na arusi yetu.

Nijibu haraka. Nikisikia buti za mtu uani moyo unaruka, nikidhani ni wewe, au ni wao.

Joviana wako


Bukoba, 3 Julai 2024

Joviana,

Nilikuficha kwa sababu nilidhani nitayamaliza kwa simu. Hayamaliziki.

Ishento amenipigia tena, akilia. Sijawahi kumsikia akilia, hata tulipomzika Tata. Ananitaka nichague: nikuache upumzike kwenu kwa muda, au nikae nitazame kibanja alimozikwa baba yangu kinakauka mpaka kaburini. Huyu ndiye aliyenilipia shule. Nitamwambia nini?

Nimefikiri sana. Nenda, Joviana, kwa muda mfupi tu. Mimi nipo hapahapa mjini, na Kahororo ni mwendo wa miguu. Nikitoka kazini nitapita kwenu kila jioni, tutakaa barazani kama wachumba, mama yako atajifanya hatuoni. Huoni kwamba tutakuwa karibu kuliko sasa? Kama unanipenda kama unavyoandika, utanisaidia katika hili.

Na jambo moja, usikasirike. Tulifundishwa kuipiga hoja, si msemaji. Ni kweli Ishento alitaka nioe kwingine. Lakini hata mwenye kinyongo anaweza kusema mvua inanyesha, na ukitoka nje ukalowa.

Datius


Kamachumu, 6 Julai 2024

Datius,

"Kama unanipenda." Nimeyasoma maneno hayo mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo.

Nakupenda. Nakupenda hata nikikasirika, na sasa nimekasirika. Lakini mapenzi yangu si jibu la swali la migomba. Nikipelekwa Kahororo kesho, utapona mgomba gani? Nitajie mmoja tu, ndipo unibembeleze na jioni za barazani. Na usidhani hazikunivuta. Nilizisoma nikafumba macho, nikasikia harufu ya shati lako. Ndiyo sababu nimekasirika: umechukua kitu ninachokitamani kuliko vyote ukakitia kwenye mzani wa Ishento.

Yeye amekuonyesha njia mbili, mke au kaburi la baba, kisha akasimama mbele ya njia nyingine zote. Nawe kwa kuogopa hukuchungulia nyuma yake.

Kuhusu kumpiga msemaji, umenipata. Nimeona haya. Nilitaka awe mwongo kwa sababu iliniumiza kwamba aliwahi kumtaka mwingine mahali pangu. Hilo halihusiani na mgomba.

Sasa nisikilize. Nenda kwa bwana shamba, ofisi yao huijui? Usimuulize nani ameleta ugonjwa. Muulize unasafiri vipi. Mimi nitamtuma Joanitha aniangalizie ni migomba ipi inaugua na ipi mizima. Siwezi kutoka, ila macho yake yanatoka.

Ninachoogopa zaidi si Ishento. Ni Mama. Ananiletea maziwa, anakaa, anaitazama mikono yangu, anaondoka. Sijui anaona nini.

Mkeo, bado,
Joviana


Bukoba, 10 Julai 2024

Mke wangu,

Nilikwenda. Bwana shamba alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Nani amekata migomba yenu karibuni?"

Anasema panga likikata mgomba mgonjwa, kisha likakata mzima bila kupitishwa motoni, limeshaupanda ugonjwa. Hauonekani siku hiyo wala kesho yake. Unajificha wiki kadhaa.

Nilikaa kwenye ngazi za ofisi. Unajua mwiko wa Mama: panga la mtu haliingii kibanjani kwake. Jirani akija kusaidia anapewa la kwetu. Miaka yote tulidhani ni ukali wake tu, kumbe huenda ndiyo jiwe lile ambalo maji yalikuwa yanalizunguka. Lakini kuamkia arusi, watu walikuja kutoka kila upande kukata mikungu, na majani ya kufunikia chakula. Nani angewaambia wageni wa arusi waache mapanga njiani? Na aliyesimamia ukataji alikuwa Ishento, na watu wake wa Rubafu.

Kwa hiyo tumekosea wote. Wewe uliandika kwamba ugonjwa hauhusiani hata kidogo na arusi. Unahusiana. Hoja ya Ishento ni mbovu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu cha kweli, nasi tulikitupa pamoja na hoja.

Nimempigia. Nimemwambia, "Ishento, mke wangu harudi Kahororo." Akakata simu. Alishasema mwenye mke hakai kwenye kikao kinachomjadili mkewe, basi Jumapili sitakuwepo. Nakuomba kitu kimoja, na si kwa "kama unanipenda." Usimtaje mbele ya ukoo. Akivunjwa mbele ya watu hatasikia lolote, hata likiwa kweli.

Nilikosa kusema mapema. Nimesema sasa.

Datius wako


Kamachumu, 15 Julai 2024

Datius, mume wangu,

Nipo. Naanza na hilo ili usiruke mistari ukilitafuta. Nipo nyumbani kwetu Kamachumu, na viganja vyangu vina malengelenge.

Walikaa sebuleni, wazee kwenye viti, Mama na Joanitha kwenye mkeka, mimi nyuma ya pazia. Tulikuwa tumepatana kwamba Joanitha atanisemea, maana omugole hasemi mbele ya wakwe. Ishento alieleza yaleyale, Mei na Juni, majirani na katekista, akamaliza hivi: "Asiyeamini aseme ni nini kimeingia humu tangu Mei."

Hapo ndipo Joanitha alipaswa kusema. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia akinyofoa ukindu wa mkeka. Nikangoja. Wazee wakaanza kujisogeza vitini kama watu waliokwisha kuamua. Basi nikasema mwenyewe.

"Ishento anasema kweli. Ugonjwa ulikuja na arusi."

Mzee mmoja akasema, "Pazia linazungumza."

"Na linakiri," akasema mwingine.

Mama aliinamisha kichwa. Nikajua kwamba nikinyamaza pale, nimekwisha.

"Naomba kuuliza tu, wazee wangu. Mbali na mimi, arusi ilileta nini?"

"Ilileta ngoma," akasema wa kwanza.

"Pombe ya lubisi. Tena ya kutosha."

"Ilileta yule mshereheshaji asiyejua kufunga mdomo."

Walicheka. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa pazia. Jina la Ishento lilikuwa kwenye ulimi wangu, Datius, na lilikuwa tamu. Nikalimeza kwa ajili yako. Halafu Mama akasema, "Ilileta mapanga."

Kicheko kikakatika.

"Mapanga yenu yote," Mama akaendelea. "Nilisimama mlangoni nikayaona yakiingia. Nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa siku ya furaha na sikutaka kuitwa mchawi wa arusi ya mwanangu."

Nikawaeleza alichokuambia bwana shamba. Nikasema kama ugonjwa ni mimi, ungeanzia ninapolala, kwenye migomba ya dirisha langu, karibu na kaburi la Tata. Waende wakaiangalie, kisha waiangalie ya njia ya kanisani.

"Sisi tuagizwe na pazia?" mzee wa pili akalalamika, lakini alikuwa ameshasimama.

Nilibaki peke yangu na rozari, shanga zinanipita vidoleni bila sala. Sikujua watarudi na nini. Joanitha alikuwa amenihakikishia, ila Joanitha ananipenda, na anayekupenda anaweza kuona kijani kwa ajili yako.

Walirudi. Ya dirishani kwangu ni mizima yote, maana Mama alikataza watu kukata karibu na kaburi. Ya chini, kila shina linaloumwa lina kovu la siku ile, la mkungu au la jani.

Ishento alichelewa kuingia. Alipoingia hakukaa.

"Kwangu Rubafu migomba imekufa," alisema. "Nusu ya kibanja. Sikumwambia mtu, hata mke wangu nilimwambia ni jua. Nilikuja arusini na panga lilelile nililokatia kule."

 Yule mzee wa "linakiri" alimsogezea kisahani cha kahawa ya kutafuna, Ishento akachukua punje moja, akaishika tu mkononi. Mimi niliyetaka avunjike nilimlilia, nikijificha kwenye pazia. Umri ule, kuogopa peke yake miezi yote hiyo. Kumbe alipokulilia kwenye simu, hakuwa analilia kibanja cha Tata tu, alikuwa analilia na chake.

Baadaye Mama akaja akalivuta pazia lote.

"Toka."

"Mama, siku zangu bado."

"Migomba haingoji siku zako. Mikono inahitajika."

"Watu watasema."

"Walishasema."

Hakuna wimbo ulioimbwa, wala sikukabidhiwa jembe. Nimekabidhiwa panga lililotoka motoni, na kazi yangu ya kwanza kama mke wa nyumba hii imekuwa kukata nilichokuwa nimeota kupalilia. Tunakata, tunarudisha panga motoni, tunakata tena. Ishento anafanya kazi kando yangu. Hajaniomba msamaha. Analishika tu kila shina ninalolikata, ili lisiniangukie. Leo jua lilipokuwa kali alisema, "Omugole, kunywa maji," nami nikanywa.

Bado nina neno nawe kuhusu "kama unanipenda." Nitalisema uso kwa uso. Huenda nikikuona nikalisahau, kwa hiyo unikumbushe, tena usinikumbushe ukiwa unacheka, maana utaniweza.

Njoo Jumamosi, hata kama msimamizi atauliza mara mia. Ukifika kona ya kanisa usidhani umepotea njia. Nyumba sasa inaonekana kutoka barabarani, paa na mlango, kwa sababu migomba ya mbele haipo. Inatia uchungu kuitazama. Lakini nitasimama mlangoni, nje ya pazia, nami nitakuona ukija tangu mbali.

Joviana